Kitanda cha Mwenye Mto

Nilipokuwa mtoto mdogo, kabla sijajua kusoma, familia yetu ililala porini ndani ya nyumba yenye magurudumu. Nikiwasimulia wasichana wenzangu hapa mtaani wananicheka, lakini nyumba hiyo ilikuwepo. Lilikuwa kamio, yaani lori, kuukuu la mfanyabiashara Mgiriki ambaye baba alikuwa fundi katika gereji yake hapa Élisabethville. Zamani lilitumiwa na wapima barabara, nao walilijengea nyuma chumba cha mbao chenye vitanda viwili, kabati na dirisha dogo la kioo.

Baba ndiye aliyeifufua injini yake. Mwisho wa kiangazi, mvua zikiwa karibu, tajiri alimwambia alipeleke Kasenga na kulirudisha. Likirudi zima, baba angekuwa dereva wake. Likiharibika, asirudi tena gerejini. Baba akaomba ruhusa ya kutuchukua: mama, mdogo wangu Petro aliyekuwa bado ananyonya, mimi, na Kambo. Kambo ndilo jina tunalomwitia bibi. Alikuwa mama yake baba, mzaliwa wa mbali kaskazini, aliyefika huku akimfuata mume wake katika kazi ya reli.

Kambo alipanda kamio na kifundo cha kitambaa chenye unga wa ulezi. Kila tulipotaka kulala porini, aliumimina kidogo chini uwe kama kilima, akaomba ruhusa kwa wenye mahali wasioonekana, akangoja. Kilima kikisimama, watu walale. Kikianguka, watu waondoke. Usiku wa kwanza kilisimama, nasi tukalala vizuri, mimi nikiwa nimebanwa kati ya ukuta wa mbao na mgongo wake.

Siku ya pili, jua likiwa bado juu, tulifika kwenye kijito kilichokauka. Mchanga wake ulikuwa mweupe, sawa kama meza, na miti ya ukingoni iliutilia kivuli. Baba akateremsha kamio hadi katikati, akafungua injini aisafishe vumbi. Mama akapanga mafiga. Kambo akaanza kutafuta.

"Kifundo yangu iko wapi?"

Mama akatazama chini. "Mama, asubuhi mutoto alikuwa analia. Gunia ya posho ilikuwa chini ya mizigo. Nilimupikia uji."

"Bunga yote?"

"Ilikuwa kidogo tu, mama."

Baba akacheka kutoka chini ya kamio. "Basi iko mu tumbo ya Petro. Tumuweke Petro pa muchanga, tuangalie kama anaanguka!"

Mama mwenyewe alicheka. Kambo hakucheka. Mama akamletea bakuli la unga wa mahindi, ule wa posho ya kazini. Kambo akaurudisha.

"Hii ilikuya na treni mu gunia. Nani huku anaijua?"

"Na wewe, mama, nani huku anakujua?" baba akauliza. "Uko mugeni. Bakubwa ba hapa hata luga yako habasikie."

"Njo maana naomba," Kambo akasema. "Pa kwetu singeomba."

Akanishika mkono. Moshi ulionekana nyuma ya kichaka, naye akaufuata bila kugeuka, ingawa goti lake moja lilikuwa bovu na majani makavu yalituchoma miguu. Nilimwambia nimechoka. Alinijibu kwamba hata yeye alichoka, tena akaongeza mwendo.

Tulimkuta mwanamke akitwanga mbele ya nyumba yake. Alijua Kiswahili, maana mume wake aliwahi kufanya kazi migodini. Kambo akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, akaomba ulezi wa kiganja kimoja tu. Yule mwanamke hakuuliza sababu. Nafikiri aliijua. Akaingia ndani, akatoka na unga umefungwa katika jani.

"Mutalala wapi, mama?"

"Kule pa muchanga. Kamio yetu iko kule."

Mwanamke akaweka mchi chini. "Hapana. Ile iko kitanda ya mwenye muto. Kiangazi yote alienda kutembea. Leo anarudia. Hamukusikia kule ku mulima?"

Hatukuwa tumesikia kitu.

"Akikuta muntu mu kitanda yake, hamusemeshi. Anapita naye."

Tuliporudi, vipande vya injini vilikuwa vimetandazwa juu ya gunia, na baba alikuwa akigonga kimoja kwa nyundo. Kambo akampa habari. Baba akaonyesha juu.

"Mama, angalia. Mbingu iko safi. Na njia ya kupanda iko mubaya. Nikivunja gurudumu, kazi imeisha."

Kambo hakubishana. Alipiga magoti mbele ya gurudumu, akamimina unga wa yule mwanamke, akaongea na wenye mahali kwa Kiluba kwa sauti ya chini. Kisha akamwambia baba, "Ikisimama, nitanyamaza mpaka Kasenga."

"Sawa," baba akasema, na nadhani alifurahi. Akarudi kugonga chuma chake.

Nilikaa karibu, mikono mapajani. Hakukuwa na upepo. Kwa muda kilima kile kilikaa tu. Halafu ncha yake ikamegeka. Halafu upande mmoja ukateleza wote, polepole, kama mtu anayejilaza.

Baba alisimama na nyundo mkononi akiutazama unga. Sikuwahi kuuona uso wake vile kabla, wala baadaye.

"Mujikulu," Kambo akaniambia mimi mjukuu wake, "pelekea baba yako vile vyuma."

Nikampelekea kimoja kimoja, naye akavirudisha mahali pake haraka haraka huku akijikata vidole. Akazungusha injini kwa mkono wa chuma. Ikakohoa, ikakataa. Akazungusha tena. Mama alimfunga Petro mgongoni, akasukuma kutoka nyuma. Kambo akaweka bega lake kwenye mbao, goti lake bovu likitetemeka. Injini ikawaka. Kamio likapanda ukingo likiyumba, kabati likimwaga vyombo ndani, hadi likafika kwenye miti ya juu.

Baba akazima injini, lakini ngurumo haikuzimika.

Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yakisukuma majani na magogo mbele yake. Mchanga mweupe ukatoweka, na mafiga pia.

"Sufuria yangu!" mama akalia.

"Acha," Kambo akasema. "Sasa iko ya mwenyewe."

Baba alipata udereva. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba nyundo yake ndiyo iliyotikisa unga ule. Kambo alimjibu kila mara: "Na nani alikutuma upige nyundo?" Sasa Kambo amelala makaburini, na baba hasemi tena habari za nyundo.

Shuleni masista walitufundisha kwamba unga ni unga tu. Nililazimika kuacha shule mwaka wa tano, mama alipougua na nyumba ikahitaji mtu, kwa hiyo sijui wanafundisha nini madarasa ya mbele. Lakini nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikifua nguo. Tuseme ni unga tu. Hata hivyo, ili aupate, Kambo alilazimika kutembea hadi kwa wenye nchi na kuwapigia magoti, nao wakatupa walichokijua. Gunia la posho lisingetupeleka kwa mtu yeyote. Tungepika, tukashiba, tukalala pale mchangani.

Mwezi ujao naenda Jadotville kukaa kwa mama mdogo, nijifunze kushona. Nimeamua kwamba nitashona vizuri kuliko watu wanavyotegemea kwa msichana aliyeacha shule. Simjui mtu yeyote katika mtaa ule. Jana nilimwomba mama ulezi wa kiganja kimoja. Hakuniuliza wa nini. Alinifungia ndani ya kitambaa, akakaza kifundo kwa meno, na mdogo wangu Petro alipouliza kama kuna uji, akamwambia hakuna.