Kijiko Hajaweka Kikombe

Miaka sita nimekaa ubavuni mwa Fundi Viatu kwenye kibaraza kimoja, mimi na cherehani yangu, yeye na sindano yake. Najua hata anavyopiga chafya. Najua binti yake ameolewa mbali, na mkewe alifariki kabla mimi sijahamia hapa. Kwa hiyo asubuhi ile alipojidunga kidole mara ya pili, nilijiona ndiye mtu wa kumuuliza.

"Kaka, leo hiyo simu huiachi. Umepata mchumba?"

Hakucheka. "Kijiko hajaweka kikombe," alisema.

Nikadhani amechanganyikiwa. Ikabidi anieleze, macho yakiwa kwenye simu. Yumo kwenye kundi la wagonjwa wa moyo, watu arobaini wasiojuana kwa sura. Kila asubuhi kabla ya saa tatu, kila mmoja anapiga picha kikombe chake cha chai na vidonge pembeni, anaituma. Ndiyo salamu yao: nimeamka, nimekunywa dawa. Kijiko ni mama mmoja ambaye kikombe chake hakikosi kijiko kimesimama ndani, wakamwita hivyo. Siku Fundi aliposubiri majibu ya vipimo, huyo mama ndiye aliyeshinda akimtumia ujumbe wa sauti ili asikae peke yake na mawazo. Sasa ilikuwa saa tano.

"Wagonjwa wa moyo?" nikamkatiza. "Na wewe unatafuta nini humo?"

Akaweka kiganja kifuani. Hapo nikaelewa, na hasira zikanipanda. Miaka sita! Uzi ananiomba mimi, mkasi ananiomba mimi, halafu ugonjwa wake anawapelekea watu wa kwenye simu. Mdomo wangu haujui likizo, nilitaka kumpasha pale pale. Lakini nilipoona midomo yake ilivyokauka, niliogopa, nikameza maneno.

Alimpigia Kijiko. Simu iliita mpaka ikakata. Kundini mtu akaandika, "Mungu amlaze pema," na Fundi akafura, akawatumia sauti: "Nani kawaambia amekufa? Futa hiyo!" Ujumbe ukafutwa, lakini yeye alishausoma na mimi nilishausoma. Tangu hapo sikushona hata kifungo.

"Kwani hana ndugu?" nikauliza.

Kumbe mtu akijiunga humpa kiongozi wa kundi, mwalimu mmoja mstaafu, namba ya mtu wa kupigiwa likitokea la kutokea. Fundi akamwomba namba aliyoiacha Kijiko. Mwalimu akapekua daftari lake, akaituma. Fundi akaisoma, akairudia, akanipa simu.

Namba ile naijua. Niliiandika kwa mkono wangu kwenye kibao cha biashara cha Fundi.

"Kaniandika mimi," alisema. "Hata jina langu halijui."

Halafu akashika kichwa. Tangu alfajiri namba ngeni ilikuwa imempigia mara tatu, na yeye namba ngeni hapokei, anasema ni wauza bima. Nikamwambia aipigie. Kidole kilimgomea. Nikabonyeza mimi, nikaweka sauti ya juu.

Alipokea nesi. "Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa?" Akataja jina la mwanamke ambalo Fundi hakuwahi kulisikia.

Fundi alinitazama.

"Ndiyo," alisema. "Ni dada yangu."

"Tumekutafuta sana. Alizidiwa alfajiri. Sasa amezinduka, ila ana hofu. Kila nikipita ananiuliza kama umepatikana."

"Mwambie nakuja."

Akavua aproni yake ya ngozi, akaitupa juu ya viatu vya watu. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi nilipomwita.

"Na wewe je? Mwalimu ulimpa namba ya nani?"

Akasimama, akaangalia chini. "Ya marehemu mke wangu. Sikutaka kumshtua mtoto."

Nilihisi kulia, na hasira bado ninazo. Nikamwendea, nikampokonya simu, nikamwandikia mwalimu namba yangu. Nikakosea mara mbili. Mbele ya namba nikaandika "dada", nikamrudishia simu yake.

"Sasa nenda," nikamwambia. "Na kesho hicho kikombe nikione mimi kwanza."