K ya Kulia

Kaka yangu tunamwita Digrii, na wageni hudhani ni msomi wa chuo kikuu. Wapi! Ni digrii za pembe. Ukikaa naye mezani hakuangalii usoni, anaangalia goti lako linavyokunjika. Ndiyo kazi yake: anabuni vifaa vya kubadilishia magoti, vile ambavyo daktari huvifunga kwenye mfupa ili msumeno usiende kombo.

Fahari yake ilikuwa kifaa kimoja kinachorekebishika. Zamani hospitali ilihitaji kimoja cha mguu huu na kingine cha mguu ule. Yeye akaunda kimoja tu: unazungusha skrubu kupata pembe, unakigeuza upande unaotaka, unakata. Upande mmoja alichonga K, na upande wa pili K.

"K hii ya nini?" nilimuuliza siku alipokileta nyumbani.

"Kulia."

"Na hii?"

"Kushoto."

Tulicheka mpaka Mama akashika mbavu. Digrii alinuna, kisha akaniomba rangi yangu ya kucha, akatia nukta nyekundu kwenye K ya kulia. "Hiki cha majaribio tu," alisema. "Kijacho nitachonga neno zima."

Kijacho hakikuja. Daktari wa mifupa alikipenda kile kile, akawa anakitumia. Kila kiliporudi karakana kukazwa skrubu, nukta ilikuwa imefifia kwa mvuke wa kuua vijidudu. Mara nyekundu, mara ya waridi, mara kama doa la chai. Nilimwambia, "Kaka, ngoja ngoja huumiza matumbo." Akasema nimuache, anajua kazi yake. Mimi ile nukta ilinitia baridi, sisemi uongo.

Kisha ikafika zamu ya Mama. Ni mshonaji, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Goti la kulia lilikuwa limegoma kabisa. Alichotaka ni kimoja: akanyage tena. "Nikishindwa kushona," alisema, "mtanikalisha sebuleni kama kochi."

Digrii alikaza kifaa mwenyewe, akakipeleka hospitali mwenyewe. Kichupa changu cha rangi nacho alikichukua.

Siku ya upasuaji tulikaa kwenye benchi la korido, mkabala na mlango wa chumba. Digrii akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Alipoutoa, ameshika kichupa.

"Sikupaka," alisema. "Nilikaza skrubu, nikasahau kupaka."

"Sasa unakaa? Inuka ukaseme!" Nilimsukuma, Mungu anisamehe, nusura aanguke.

Akagonga. Muuguzi akafungua kidogo. "Wameshaanza, kaka. Kaa chini."

"Mwambie daktari aangalie upande! Tafadhali!"

Mlango ukafungwa. Nyuma yake msumeno ukalia, ukanyamaza. Nikashusha pumzi, nikajua yameisha. Digrii alikuwa anageuza kichupa mkononi, huku na huku.

Msumeno ukalia tena.

"Kwa kifaa kile mkato huwa mmoja tu," alisema Digrii. Uso wake ulikuwa umepauka.

Daktari alipotoka hakufoka, na afadhali angefoka. "Ujumbe wako ulinikuta nimeshakata," alimwambia. "Niliona K. Imebidi nikate tena nisawazishe. Kutembea atatembea."

"Na cherehani?" niliuliza mimi.

Alimtazama Digrii. "Goti halitakunjika kiasi hicho. Pole sana."

Kitambaa kikikatwa vibaya, Mama hutia kiraka. Mfupa utautia nini? Nilitamani kumpiga kaka yangu, na nilitamani kumshika mkono. Sikufanya lolote.

Mama alipozinduka, Digrii alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza yote bila kuficha. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunua shuka. Juu ya bandeji nyeupe damu ilikuwa imechomoza, nukta moja nyekundu.

"Nukta yako hiyo, mwanangu," alisema. "Sasa mguu wa kulia hutaukosa tena."

Akacheka. Safari hii alicheka peke yake.