Warushaji Watano wa Lorraine

Lorraine Vandehey ameendesha basi la shule tangu ujana wake, na bado hajazaliwa mtoto wa kumpiga chenga. Ndiyo maana hakuelewa amefikaje mkiani kwenye ligi ya ukoo wa mumewe.

Ligi yenyewe ni ya kwenye simu. Kila mtu hujipangia kikosi cha wachezaji wa mpira wa Kimarekani kutoka timu mbalimbali, na wanachofanya uwanjani huwa pointi zake. Mkiani alikuwa na mwenzake: Wendell, mdogo wa mumewe, fundi wa matrekta, mtu asiyeishiwa maneno. Wiki ya mwisho iliwakutanisha wao wawili. Atakayefungwa angevaa jezi ya Chicago, mahasimu wa jadi wa timu yao ya Green Bay, apigwe picha, na picha itundikwe kwenye baa ya Schommer mwaka mzima. Kwa mtu wa Green Bay, heri kulala nje kwenye theluji.

“Shemeji, uvae saizi kubwa,” Wendell alimwambia kwa simu. “Ikufunike wewe na aibu yako.”

“Cheka tu, Wendell. Cheka ukiwa bado na meno.”

Lorraine alikuwa ameshaona mwanya. Kila timu hupewa wiki yake ya mapumziko, na mchezaji anayepumzika haleti pointi hata moja. Wiki ile Minnesota ilikuwa inapumzika, na mrushaji wa Wendell, yule anayetupa mipira na kuleta pointi kuliko wote, alikuwa wa Minnesota. Ilibidi atafute mwingine kati ya wale wasio na mwenyewe. Walibaki watano. Lorraine akawatupa nje wakimbiaji wake wazuri wa akiba, akawachukua warushaji wote watano, akawapanga benchi. Alifurahi mpaka akajifinya.

“Wa nini wote hao?” mumewe Duane akauliza. “Si anacheza mmoja tu?”

“Wala sitaki wacheze. Nataka mdogo wako awakose.”

Jumapili walimbatiza mjukuu wao. Baada ya ibada watu wakahamia ukumbini, kwenye sufuria la buya, ule mchuzi mzito wa kuku ambao kule hupikwa kwa kukorogwa na kasia. Wendell aliingia uso umemshuka.

“Shemeji, una roho mbaya wewe! Watano wote? Nimeacha nafasi wazi kabisa.”

“Kula buya, shemeji yangu. Kupigwa picha na njaa si vizuri.”

Mechi za mchana zilianza, na pointi zote za wao wawili zingetoka humo. Lorraine aliacha simu mkobani makusudi, aionje raha polepole kama keki. Aliitoa mechi zikielekea ukingoni. Wale watano wa benchi walikuwa wamefanya maajabu, lakini pointi za benchi hazihesabiwi. Na kwenye nafasi ya mrushaji wake mwenyewe palikuwa na sifuri.

Akaisogeza simu karibu na macho. Palepale alikuwa amekaa kijana wa Green Bay, kama alivyokaa msimu mzima. Kidole cha Lorraine hakijawahi kuligusa jina lile. Kumtoa kikosini kungekuwa kama kushusha msalaba ukutani. Na mechi zikishaanza hubadilishi kitu.

Wendell alichungulia begani kwake. Akasoma. Akasoma tena, pointi zake zikiwa juu kidogo.

“Shemeji,” alisema taratibu, “mbona Green Bay nao leo wako mapumzikoni, hawachezi?”

“Najua hawachezi!” Lorraine alifoka. “Unadhani tunabatiza leo kwa sababu gani?”

Ukumbi ukalipuka. Tarehe aliichagua yeye mwenyewe tangu kiangazi, na padri aliyeikubali upesi, kwa sababu hiyohiyo, sasa alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha meza.

Mechi ziliisha hivyohivyo. Jezi ya Chicago ilikuwa kwenye gari la Wendell. Aliinunua akiwa na hakika ataivaa yeye mwenyewe. Lorraine aliivaa kwa hasira, nyingi zikiwa za kujikasirikia mwenyewe. Akaomba jambo moja tu: apigwe akiwa na mjukuu.

“Tabasamu, shemeji!” Wendell akainua simu.

Mtoto, aliyekuwa ametoka kunyonya, akajikunja kidogo, akacheua maziwa yote juu ya jina la Chicago.

Lorraine akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

“Sasa piga,” akasema. “Na usiikate picha hapo chini.”