Sura Niliyomnyima Mwalimu Nyangeta

Nimeandika neno "marehemu" mbele ya jina lake mara tatu, na mara tatu nimelifuta. Akili haijakubali. Mwalimu Nyangeta ametutoka juzi, nyumbani kwake Igoma. Presha.

Kwa msiomfahamu: alifundisha historia shule ya msingi, na aliifundisha kwa katuni alizochora mwenyewe. Vitabu vizima, picha baada ya picha, watu wakisemeshana kwenye viputo.

Alianza siku alipouliza darasa wanakumbuka nini kwenye somo la jana, na wote wakatazama dari. Kesho yake akaja na karatasi nne: wakulima wa pamba kwenye foleni ya mizani, mmoja amekanyagwa mguu. Watoto walicheka weee! Halafu wakauliza kwa nini mizani inasoma pungufu.

"Hapo nikajua nimewapata," aliniambia.

Mimi alinipata kanisani. Alisikia nakumbuka miaka ya sabini, serikali ilipotuhamisha kutoka kwetu, upande wa Misungwi, kwenda kijiji kipya. Akaja kwangu Kiseke na penseli sita na mkate.

Utaratibu wake haukuwa na mjadala. Anachora kwa penseli. Aliyesimulia anakagua kila ukurasa, akiridhika anaweka dole gumba pembeni. Bila dole gumba, hapaki wino.

"Mtoto akishauona uongo kwenye picha, mzee wangu, huutoi tena kichwani mwake."

Siku ya kwanza nilimcheka. "Mwalimu, ng'ombe huyu ana magoti ya mtu. Ninyi watoto wa wavuvi wa Musoma, ng'ombe mtamjulia wapi?"

"Basi agiza sato, Msukuma wewe. Huyo nakuchorea bila kukosea hata gamba moja."

Nilimpa mengi. Malori. Mapaa ya nyasi yakishushwa. Mama na jiwe la kusagia kichwani, amekataa kuliacha. Ua wa minyaa uliobaki umezunguka patupu.

Nikampa na kijana mwenye daftari, aliyepita nyumba kwa nyumba akiita majina ili watu watoke, hata bibi mmoja kwa jina lake la nyumbani.

"Sura yake ikoje?"

"Alivaa kofia. Hakuwa wa kwetu."

Akamchora na kofia, uso akauacha mweupe.

Kabla sijauwekea ukurasa huo dole gumba akaniita darasani kwake. Ilipigwa shikamoo moja iliyotikisa mabati. Watoto wakasoma kurasa kwa sauti, kila mmoja akisema maneno ya mtu wake. Kisha binti mmoja, Pendo, akanyoosha mkono.

"Babu, huyu wa daftari alikuwa mgeni?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona anamwita huyu bibi kwa jina la nyumbani? Umesema lile walilijua ndugu tu."

Darasa likaguna. Mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Ndugu yao huyo!"

Nyangeta hakunitazama. Alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Getini akanishika mkono. "Mzee wangu, ukurasa ule utabaki wa penseli. Sikukimbizi. Ukiwa tayari, niite."

Miezi minane sikumwita. Mara goti, mara mvua, mara nina safari. Tulipokutana sokoni nilimuuliza habari za watoto, nikaondoka haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Wiki mbili zilizopita akatuma ujumbe wa sauti. "Shikamoo mzee wangu. Kitabu kimekwisha, umebaki ukurasa wako. Deadline yangu ni shule zikifungua. Njoo hata dakika kumi, chai ipo."

Nikajibu: "Marahaba mwalimu. Wiki ijayo."

Nilijua siendi.

Jana msibani wakanipa kipaza sauti, kama mzee. Nikasema alikuwa mwalimu mwenye bidii na upendo. Watu wakaitikia amina. Nikakaa. Binti yake akaniletea kitabu nikione: kurasa zote zina wino, mmoja hauna.

Nyangeta, kijana yule ni mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mwandiko wangu ukiwashinda wote pale kwetu. Wakubwa wakanipa daftari. Hakuna aliyenilazimisha. Nilifurahi.

Na yule bibi alikuwa shangazi wa baba yangu. Ndiye aliyeniuguza surua, akinipaka dawa kwa unyoya wa kuku.

Aliniambia, "Mjukuu wangu, niruke. Mtama wangu haujakauka."

Nikaita jina lake mara ya pili, kwa sauti ya juu zaidi, kwa sababu wakubwa walikuwa wanasikiliza.

Hakumaliza mwaka kijiji kipya. Hata mke wangu alikwenda kaburini bila kujua habari hii. Wewe ulishajua, ukanisubiri niseme mwenyewe, na mimi nikakufanya usubiri mpaka umekufa.

Mwenzako anayefundisha kuchora ameahidi kumalizia kitabu. Shule zikifungua nitakwenda, nitasimama mbele ya Pendo na wenzake, nijibu lile swali upya.

Haya ndiyo ulipaswa kuyapata kwangu, ukiwa na penseli mkononi. Hapakuwa na kofia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, uso wa mviringo, kovu juu ya nyusi ya kushoto, shati jeupe la shule limepigwa pasi. Mwenzako asinichore nimeinamisha macho. Sikuyainamisha. Nilimtazama bibi yangu usoni, nikasoma.

Nisamehe, mwalimu wangu. Pumzika sasa, Nyangeta. Lala, kazi yako uliifanya yote.