Mota ya Cherehani

Fundi cherehani alikuwa na miaka thelathini na minne, umri ambao madaktari wa utotoni mwake hawakuutarajia. Alizaliwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi, na mapafu yake yalikuwa yamechoka siku nyingi. Miguu, lakini, haikuwa na habari. Tangu akiwa binti alikanyaga cherehani kutwa, sare za shule na mapazia, akikohoa na kukanyaga, wateja wakazoea.

Kila mwaka alipanda baiskeli ya hospitali, ile isiyokwenda popote. Alivalishwa barakoa, mzigo ukaongezwa kila dakika mpaka pumzi imwishie. Mpimaji, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Bwana Ongeza, alisimama kando akipiga kelele, "Ongeza, fundi, ongeza!" Kaka yake fundi alizisikia akiwa kwenye benchi nje ya mlango. Mwishoni mashine ilitoa namba: kiasi cha oksijeni ambacho mwili uliweza kutumia. Wenye namba ya chini, mara nyingi, hawakuishi sana. Hakuna aliyemficha fundi hilo, naye hakupenda kufichwa.

Mwaka huu namba ilishuka vibaya. Bwana Ongeza aliitazama karatasi, akaitazama ya mwaka jana, kelele zote zikamwisha.

"Kipimo cha kupuliza, kile cha nguvu ya mapafu, kiko palepale," alisema. "Safari hii miguu ndiyo iliyochoka kwanza. Umeacha kazi?"

"Niache nile nini? Nashona kama kawaida."

Kisha akaikumbuka mota ya umeme iliyokuwa ikiendesha cherehani.

Aliyeileta ni kaka yake, baada ya fundi kulazwa kwa homa ya mapafu. Aliifunga mwenyewe, akaufungua ule mkanda wa ngozi wa kanyagio, akautundika msumarini. "Sasa pumzika, mdogo wangu. Wewe elekeza kitambaa tu." Alifurahi, ungedhani kanunua gari. Hata fundi alifurahi, kusema kweli. Miezi tisa miguu ikakaa bure.

"Nikirudi kukanyaga, namba itapanda?"

"Huenda. Sikuahidi, fundi. Tuanze kidogo kidogo, tutakupima tena."

Walipofika nyumbani alimweleza kaka yake bila kuzunguka. Kaka aliketi juu ya rundo la sare, uso umemshuka.

"Kwa hiyo ni mimi..."

"Ulinipenda, kaka. Sasa nipende kwa bisibisi."

Hakucheka. Alipiga magoti, akaifungua mota, akaurudisha mkanda kwenye gurudumu. Skrubu moja ilimponyoka mara mbili.

Fundi akakanyaga. Mshono wa kwanza haukufika mwisho kabla kikohozi hakijamshika, kile cha kutoka tumboni. Akafuta mdomo, akarudisha miguu kwenye kanyagio. Kaka aliogopa. Mkono wake ulikwenda kumzuia, ukaishia nusu ya njia, akauficha mfukoni.

"Ongeza," alisema. "Ongeza, mdogo wangu."