Godoro la Jirani na Michezo Miwili ya Simu

Miezi ile ambayo kila mtu Bunia alisema kumetulia, huku akiitazama barabara ya Djugu, ambako wapiganaji hutokea, mimi na mke wangu tulibishana kila siku ni mchezo gani wa simu ulio bora.

Yeye alipenda ule wa chupa. Maji ya rangi nyingi yamechanganyika, unayamimina chupa hadi chupa mpaka kila rangi ikae peke yake. Mimi, mtu wa chuo kikuu, nilipenda wa upelelezi: tajiri amekufa katika jumba lake, nawe unapekua droo. Nilimweleza kwamba wake ni kazi ya jikoni na wangu ni wa akili.

"Wangu kila kitu iko mbele ya macho," alijibu bila kuniangalia. "Wako unaupenda juu ya vile unakupa ruhusa ya kushuku watu."

Alisema kweli. Katika mchezo wangu hakuna kitu kilichowekwa bure. Hata kikombe kilichopinduka kina siri yake. Baada ya wiki mbili sikuweza kumwona mtu akianika shuka bila kujiuliza anaficha nini.

Alasiri moja jirani yetu, mama mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, alifunga duka mapema. Kisha nikaona godoro lake likifungwa kwenye pikipiki na kuondoka. Mtu aliyewahi kukimbia hangoji dalili ya tatu.

"Muulize," mke wangu alisema.

Lakini hapa hilo haliulizwi. Anayekimbia wa kwanza huulizwa baadaye, kwa miaka, ni nani aliyemwonya. Ukimwuliza jirani kama anaondoka, umeshamshtaki. Kwa hiyo tunachunguliana tu, kila mtu nyuma ya pazia lake.

Chumbani alilala mama mkwe, aliyepasuliwa nyonga wiki tatu kabla. Daktari alikataza asisogezwe mpaka mfupa uunge. Kumpandisha pikipiki kungeuvunja upya. Kumwacha, neno hilo hatukulitamka. Tulisimama kwenye korido tukinong'ona. Mimi nilitaka tumbebe mara moja, barabara ingali wazi.

"Na kama umekosea?" mke wangu alisema. "Mufupa hatutaurudisha. Toka, uone kwanza."

Nikatoka. Ila nilitoka kama msomi, na mfuko wenye diploma zangu zote begani. Jirani alikuwa anarudi kwa miguu. Aliuona mfuko, akasimama.

"Papa Profesa! Weye unakimbia? Nani amekuambia?"

"Mimi? Si matela yako, hiyo godoro, ndiyo imekimbia?"

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyefeli mara ya pili. "Binti yangu amezaa leo! Kule maternite vitanda vimejaa, wanamulalisha chini. Matela imemufuata!" Kisha akawageukia watu wote wa barabara yetu: "Mukuje muone! Binti yangu anazaa, Profesa anakimbia na madiplome!"

Mapazia yalicheka. Hata hivyo nyumba ya tatu walikuwa wameniona, na mbuzi wao alikwisha kufungwa kwenye baiskeli. Ilinibidi niende kuwasihi wamfungue.

Nilirudi nikampa mke wangu habari njema ya mtoto, tukaingia pamoja kumwambia mama yake. Alikuwa amelala chali, shuka hadi kidevuni, kilemba kimefungwa vizuri kichwani. Uso ulikuwa umelowa jasho. Mke wangu aliinua shuka upande wa miguu.

Mama mkwe alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Siku zote vilikaa chini ya kitanda. Alivifikiaje, na nyonga ile, sijui hadi leo.

"Nilisikia kwa korido," alisema. "Nikavaa, musikose kunibeba."

Mke wangu alipiga magoti avivue. Mama yake akauvuta ule mguu usiouma.

"Acha. Nitasema mimi siku ya kuvivua."

Tukamfunika tena, pamoja na viatu vyake.