Foleni ya Madumu Macquarie Fields

Kuna waliojaliwa sauti ya kuimba, na kuna waliojaliwa miguu ya mpira. Emerance Irankunda alijaliwa foleni. Mwachie watu ishirini wenye hasira na kitu kimoja cha kugawana, nenda ukanywe chai, ukirudi utawakuta kwenye mstari, wametulia kama wanasubiri picha ya pasipoti.

Ujuzi huo aliupata kwenye kambi ya wakimbizi, Kigoma, alikoishi miaka kumi na mitatu akiwa mwenyekiti wa bomba la maji namba saba. Ni cheo kisichokuwa na mshahara, na ajabu zaidi, hakikuwa na kiti. Sheria ya bomba ilikuwa nyepesi: dumu lako ndilo wewe. Ukishaliweka kwenye mstari, nenda kapike, kanyonyeshe, kagombane na mumeo, hakuna atakayeligusa. Lakini ukidanganya, ukaapa kwamba ulifika alfajiri kumbe ulikuwa umelala, dumu lako linageuzwa kichwa chini mbele ya watu wote. Na haligeuzwi tena ila na mtu mmoja tu: yule ambaye uongo wako ungemnyima maji. Mchungaji mmoja alikaa siku tatu bila kuoga, akihubiri kwa mbali, mpaka bibi aliyerukwa naye kwenye mstari alipopata moyo wa kusamehe.

Hapa Sydney Emerance ni msafishaji wa hospitali, Westmead. Madaktari wanaopasua vifua vya watu bila mkono kutetemeka, wakiona sakafu yake bado mbichi, wanazunguka njia ya nyuma.

Sasa njoo mwaka 2021, mwezi wa nane, lockdown imetubana kisawasawa. Shule zimefungwa, watoto wanasomea nyumbani, na nyumbani kwa Emerance kule Macquarie Fields kuna watu wawili na simu moja yenye bando: yeye na binti yake Ninahazwe, wa kidato cha mwisho. Simu ikiwepo, binti anaunganisha laptopu ya shule, anasoma. Saa kumi na moja kasoro alfajiri mama anaenda kazini, anabadilisha treni Glenfield, na simu iko mfukoni mwake, kwa sababu bila simu hawezi kuonyesha kibali cha kutoka wala kupokea amri za msimamizi. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu anapofungua darasa saa tatu, darasa la Ninahazwe liko Westmead, ndani ya aproni, linapiga deki.

Binti hakulia. Alikwenda kukaa kwenye ukuta wa maktaba ya mtaa. Maktaba ilikuwa imefungwa ili wasomaji wasidhurike, lakini Wi-Fi yake hakuna aliyekumbuka kuizima, ikawa inawaka mchana kutwa ikisomesha viti. Ninahazwe aliivuta kupitia dirishani siku sita. Siku ya saba wakaja askari wawili wapole, wakamweleza kwamba kukaa nje hakuruhusiwa, kinachoruhusiwa ni mazoezi. Akasimama, laptopu mikononi, akaanza kuchuchumaa na kuinuka huku mwalimu anaendelea na mada. Askari mmoja alicheka. Wa pili akaandika jina lake, akasema safari nyingine ni faini.

"Mum, I can't go back there," alisema jioni ile. "And trials are in three weeks. Online."

Mitihani ya majaribio. Mtandaoni. Bila mtandao. Emerance alivua viatu vya kazi, akavipanga, akampigia simu Jerusha.

Jerusha ni Mkenya, karani wa ofisi ya shule, mmoja wa watu watatu waliokuwa bado wanaingia katika jengo lile. "Mama Nina! Na vile nilikuwa nataka kukupigia," akasema. "Kuna mpango wa serikali. Kidude cha intaneti na laini yake, bei imeshushwa hadi ni kama bure. Unapitia shule."

"Sasa mbona hamjatuletea?"

"Mama, usinikasirikie, mimi ni wa kupiga muhuri tu. Mwezi wa tano tuliwatumia fomu, tukauliza: nyumbani kuna intaneti? Familia zetu za Waafrika ni kumi na tisa. Zote kumi na tisa zimejibu kuna."

"Zote?"

"Zote. Na ya kwanza kabisa kurudisha ni yako, na umeweka tiki kubwa kama mti wa Krismasi."

 Emerance aliikumbuka tiki ile. Wakati huo kulikuwa na habari mtaani, haikujulikana ilianzia jiko la nani, kwamba ukikiri nyumbani hakuna intaneti, serikali inakuhesabu mzazi aliyeshindwa. Watakuja watu wenye kadi shingoni, wafungue friji, watazame, wachukue watoto. Sisi ni watu wa ajabu. Kambini tulijifunza kusema hatuna hata tulipokuwa nacho. Australia tumejifunza kusema tunacho hata tunapokosa.

"Nitengenezee mimi basi. Futa tiki yangu."

"Yako peke yake haitoshi. Wanataka angalau familia kumi kutoka shule moja, la sivyo tunasukumwa awamu ya pili, mwezi wa kumi. Na mwisho ni Ijumaa hii, saa tisa mchana."

Mwezi wa kumi mitihani ingekuwa imeshapita na majibu yake. "Fomu iko wapi?" Emerance akauliza.

Jerusha alikohoa kidogo. "Fomu ya watu wasio na intaneti?"

"Ndiyo."

"Iko kwa intaneti, Mama."

 Jerusha alichapisha fomu za karatasi usiku uleule wa Jumanne, na Jumatano asubuhi akazichomeka ndani ya mafurushi ya kazi ambayo shule ilikuwa inayapeleka kwenye masanduku ya barua. Zilikuwa mikononi mwa watu. Kilichobaki kilikuwa kuwafanya watu wakiri.

Emerance alianza na Katembo, Mkongo anayeendesha folklifti ghalani na ndiye mwanamume anayeheshimika kuliko wote kwenye kwaya yetu ya kanisa kwa sababu ana televisheni inayofunika ukuta.

"Papa Katembo, ile fomu umeiona?"

"Maman Emerance, hiyo ni ya batu ya shida. Miye niko na intaneti ya fibre. Iko mingi, inabakiaka mpaka tunaacha dirisha wazi."

"Ndiyo. Sasa ile gari yako nyekundu, Jumatatu, pale nje ya duka la burger lenye Wi-Fi ya bure, na watoto wanne nyuma wameshika laptopu?"

"Tulienda kununua burger."

"Saa tatu asubuhi?"

"Batoto banapendaka burger, maman."

"Jumanne pia?"

"Bon," alisema Katembo, "muungu akubariki sana," na simu ikakatika kwa sababu za kiufundi.

Akapiga kwingine saba. Kila nyumba ilikuwa na intaneti. Mama mmoja aliisifia kwa dakika kumi, kasi yake, rangi ya taa zake, mpaka bando la kupigia la Emerance likaisha katikati ya sifa.

Alhamisi, Emerance alipiga deki wodi nzima bila kuimba, jambo lililowatia wasiwasi wauguzi. Kisha wakati wa mapumziko akaingia kwenye chumba cha mifagio, akafungua kundi la WhatsApp la kwaya, akabonyeza kitufe cha sauti. Ule ujumbe wengi wetu bado tunao.

"Ndugu zangu, mimi ni Emerance wa bomba namba saba. Waliokuwa kule wananijua. Niligeuza dumu la mchungaji, na nikageuza la dada yangu wa tumbo moja. Sasa sikieni. Mwezi wa tano niliandikia shule kwamba kwangu kuna intaneti. Nilidanganya. Hakuna. Mtoto wangu amesomea kwenye ukuta kama mjusi, na mtu niliyemnyima maji ni yeye. Kesho asubuhi nikienda kazini naweka dumu langu kwenye uzio wa shule, mbele, nimeligeuza mwenyewe, na fomu yangu iko ndani. Dumu la mafuta kila mtu analo nyumbani. Tembea, si mazoezi yanaruhusiwa? Tia fomu yako ndani, weka, acha mita moja na nusu, rudi kwako. Usisimame, usiongee. Dumu haliambukizi. Tunahitaji kumi kabla ya saa tisa. Na wale wanaoogopa watu wa friji: waje kwangu kwanza. Nitawakaribisha, wavue viatu, nimepiga deki."

 Watu thelathini na wanne walisikiliza, WhatsApp ilionyesha, na hakuna hata aliyetuma kidole gumba.

Ijumaa alfajiri, kabla ya treni, aliliweka. Lilikuwa la manjano, la lita ishirini, la mafuta ya kupikia yaliyonunuliwa Auburn enzi za harusi na sherehe. Alikuwa amelikata kidirisha ubavuni, akatia fomu, akakiziba kwa gundi ya karatasi, akaliinamisha kichwa chini. Mwenyekiti wa bomba namba saba, dumu lake limegeuzwa barabarani, Australia, mahali ambapo mchana watu wote watapita. Kisha akaenda kusafisha hospitali.

Alichokijua siku ile alikijua kwa ujumbe wa Jerusha, aliyekuwa akichungulia dirishani kila saa badala ya kupiga mihuri.

Saa mbili: "Liko moja. Lako."

Saa nne: "Matatu. Yote yamesimama kwa kichwa. Mama, hii ni nini?"

Saa sita: "Saba!! Watu wanakuja na barakoa na miwani ya jua, wanaweka, wanatoroka kama wameiba."

Saa saba na nusu ujumbe ulikuwa mrefu. Wale askari wawili walikuwa wamefika. Waliyatembelea madumu, mkubwa wao akabisha dirisha la ofisi, akauliza hii ni mikusanyiko ya nani. Jerusha akamjibu kwa Kiingereza chake cha Nyeri kwamba ni foleni. Watu wako wapi? Nyumbani, afande, kama mlivyoamuru. Askari alitafakari sheria zote alizokuwa nazo, na siku zile zilikuwa nyingi, akakosa hata moja inayokataza dumu kusubiri. Kabla ya kuondoka yule wa pili, aliyeandika jina la Ninahazwe, aliona mawili yamekaribiana mno. Akalisogeza moja kwa mguu, taratibu, mpaka nafasi ikatimia.

Saa nane: "Tisa."

Saa nane na nusu: "Bado tisa."

Saa nane na dakika arobaini: "Mama, omba."

Emerance alikuwa na ndoo mkononi kwenye korido ya wagonjwa wa mapafu, amevaa plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, na haruhusiwi kushika simu. Aliisikia ikitetemeka mara moja ndani ya nguo, akaendelea kufuta. Tangu hapo ilikuwa kazi na saa ya ukutani, dakika kwa dakika, mpaka zamu ilipokwisha na akaweza kuvua, kunawa, kunawa tena, na kusoma.

Saa tisa kasoro dakika nne gari nyekundu ilisimama kwenye uzio. Katembo akashuka na sare ya ghala, akaweka dumu dogo la mawese, akasimama akilitazama. Mengine tisa yalikuwa kichwa chini. La kwake akaliacha wima. Jerusha akafungua dirisha.

"Papa Katembo, unajiunga?"

"Miye sina shida, dada. Niko na fibre. Bado kuifunga tu."

"Imebaki nini?"

"Imebaki kuinunua."

Fomu yake ilitoka na doa la mawese la rangi ya machungwa. Palipoulizwa kama nyumbani kuna intaneti alikuwa ameweka tiki penye hapana, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa shule za mapadri, ameongeza: kwa sasa. Jerusha alizituma zote kumi saa tisa kasoro dakika moja. Mpaka leo anasema ndiyo kazi pekee ya serikali aliyowahi kuifanya inayonukia pondu, kisamvu cha mawese.

Watu wenye kadi shingoni hawakuja. Kilichokuja, siku ya kumi na tano, ni viboksi kumi vyeupe vya intaneti, na cha Ninahazwe kilifika siku tano kabla ya mtihani wa kwanza.

Asubuhi ya mtihani Emerance aliondoka kama kawaida, simu mfukoni. Saa tatu ilipogonga alijikuta amesimama, mti wa deki mkononi, akisubiri mtu apige kumwambia kiboksi kimekataa. Hakuna aliyepiga. Saa tatu na robo, kimya. Kwa mara ya kwanza tangu lockdown ianze, kile kimya kilikuwa na maana nzuri, na wauguzi wa wodi wanashuhudia kwamba aliimba ubeti wote wa kwanza na kiitikio.

Jioni alikuta binti yake mezani, amechoka, anakula wali baridi moja kwa moja kwenye sufuria.

"Umefanyaje?"

"It was alright. Question six was evil."

Emerance alitaka kusema kitu kuhusu sufuria, lakini jicho lake lilikuwa limefika dirishani. Dumu la manjano, ambalo tangu Ijumaa ile alikuwa ameliegesha kichwa chini nyuma ya mlango na kukataa kuligusa, lilikuwa limesimama wima chini ya dirisha. Juu yake kilikaa kiboksi cheupe, taa zake za kijani zinapepesa.

"Nani amegeuza dumu?"

Ninahazwe aliinua mabega, kijiko mdomoni. "Me. The signal's better up there." Kisha akamtazama mama yake, akaona sura yake, akaongeza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa: "Mama. Si mimi ndiye wa kuligeuza?"